Rejeta ya mvuke ina moto upande mmoja tu? Anza na hewa (somo na maswali)

Assalaam aleikum wanakikundi. Juzi saa tano usiku mpwa wangu aliyeko Bronx, New York, alinipigia kwa video. Mimi niko barazani Makorora, hapa Tanga, na singleti, kaskazi hii hata kuta zinatoa jasho. Yeye, kwake alasiri, yumo ndani ya nyumba na koti na soksi mbili mbili. "Mjomba, wewe si ulikuwa mtu wa boila? Hebu litazame hili dude."

Dude lenyewe ni rejeta ya kupashia chumba moto, chuma kizito chenye mbavu sita. Mbavu mbili za upande wa bomba zinaunguza. Nne za mwisho baridi kama sakafu ya msikiti alfajiri. Jirani yake kamwambia dawa ni msimamizi wa jengo apandishe presha ya boila. Hapo ndipo nilipokaa sawa kwenye mkeka.

Presha haina kosa. Rejeta ile imejaa hewa, na hewa haina pa kutokea. Naandika somo zima kwa sababu humu tuna ndugu wengi walioko kwenye baridi, na sisi wa hapa tukikutana na mvuke kwenye dobi la hoteli au jiko kubwa la shule, kosa huwa hilo hilo.

Kwanza jua una mtambo gani

Kuna rejeta za maji ya moto na kuna za mvuke. Ya maji ina kikoki kidogo kinachofunguliwa kwa ufunguo: unatoa hewa, yakianza kutoka maji unafunga. Huyo si mgonjwa wetu leo.

Ya mvuke ya bomba moja ina bomba nene chini upande mmoja, lenye valvu. Upande wa pili, katikati ya kimo cha rejeta au juu kidogo, kumechomoza kidude cha kung'aa ukubwa wa dole gumba, kimesimama wima na kina kitundu kichwani. Hicho mimi nakiita kipumulio. Hakifunguliwi kwa ufunguo wala kwa mkono, kinajifungua na kujifunga chenyewe. Ukiona mabomba mawili, moja la kuingia na moja la kutoka, kwa kawaida kipumulio hakipo, kazi inafanywa na mtego wa mvuke, kidude kinachopitisha hewa na maji na kuzuia mvuke, kwenye bomba la kutokea. Somo la mtego siku nyingine.

Kinavyofanya kazi

Chukua kopo la maziwa mazito, litoboe tundu moja, limimine. Yatadondoka kwa kusitasita. Toboa la pili upande wa pili, yanatiririka. Tundu la pili halitoi maziwa, linaruhusu hewa. Kipumulio ndilo tundu la pili, ila hapa hewa inatoka badala ya kuingia.

Boila ikiwa imezimwa, rejeta na mabomba yote yamejaa hewa ya kawaida, hii tunayovuta. Boila ikiwaka, maji yanachemka, na lita moja ya maji inazaa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Mvuke unapanda kwa kasi ukiisukuma hewa mbele yake kama mtu anayepita kwenye umati wa mnada. Kama mlango wa nyuma upo, umati unatoka. Kama haupo, wanabanana kwenye kona na mvuke unaishia pale ulipofika. Ndiyo maana mbavu mbili zinaunguza na nne zimelala.

Sasa ndani ya kile kidude. Mna kikopo chembamba cha bati kilichozibwa kabisa, na ndani yake matone ya kimiminika chenye spiriti kinachochemka kabla ya kufika nyuzi 100. Juu ya kikopo kuna pini. Hewa ya baridi ikipita, kikopo kimetulia, pini iko chini, tundu wazi, unasikia "fsss" ya chini chini. Mvuke ukikigusa, yale matone yanachemka, kikopo kinatuna, pini inapanda na kuziba tundu. Ukiwa kimya chumbani unaweza kuisikia: tak. Kutoka hapo mvuke hauna pa kwenda, unabaki kwenye mbavu, unagusa chuma, unageuka maji, na joto lake linaingia chumbani.

Nyingi ya hizi zina kikopo kinachoelea pia, maji yakipanda mpaka pale kinanyanyuka na kuziba. Na boila ikizima, rejeta ikapoa, kipumulio kinafunguka tena na hewa inarudi. Hiyo pumzi ya kurudi watu wanaisahau. Bila hiyo mvuke ukigeuka maji unaacha ombwe, na maji yanachelewa kuteremka.

Kwa nini mvuke na si maji ya moto tu? Kilo moja ya mvuke ikigeuka maji pale pale kwenye nyuzi 100 inaachia kilojuli 2,257. Maji yale yale yakipoa kutoka 100 mpaka 60 yanatoa kama 168 tu. Joto lote liko kwenye kule kugeuka. Mvuke usipofika, usijidanganye na mabaki.

Presha, na kovu langu

Mwaka wangu wa kwanza kwenye boila ya kiwanda kimoja hapa mjini, chumba cha kukaushia kilichelewa kupata moto. Nikapandisha presha. Hakuna kitu. Nikapandisha tena. Mzee aliyekuwa ananifundisha kazi hakusema neno, alichukua spana akalegeza koki ndogo mwisho kabisa wa bomba. Ikatoka hewa kavu, isiyo na wingu jeupe, kama dakika moja. Kisha wingu likaja, akafunga. Bomba likaanza kuungua hatua kwa hatua mpaka mwisho, ungeweza kulifuata kwa kiganja. Mimi nililifuata kwa kiganja kweli, na alama ninayo mpaka leo.

Mtambo wa nyumbani hufanya kazi chini ya PSI 2 (PSI ni kipimo cha presha, pauni kwa kila inchi ya mraba). Tairi la bodaboda hapo nje lina karibu 30. Mvuke wa PSI 2 una joto kama nyuzi 104, ukiupandisha mpaka PSI 10 unapata kama 115. Umechoma mafuta, umepata nyuzi kumi na moja, na hewa bado imo, imebanwa tu. Baya zaidi, vipumulio vingi vikifungwa na presha kubwa havifunguki mpaka presha ishuke. Kwa hiyo anayepandisha presha ili kutoa hewa anaufunga ule ule mlango anaoutaka ufunguke.

Sasa kazi yenyewe

1. Tazama valvu ya chini. Kwenye bomba moja iwe wazi yote au imefungwa yote. Nusu nusu ni balaa, maana mvuke unapanda na maji yanateremka kwenye mlango huo huo. Ukiubana, maji yanabaki ndani, rejeta inagonga kama fundi bati, na kipumulio kinatema.

2. Boila ikianza kuwaka, kaa karibu usikilize. Ukimya tangu mwanzo na rejeta baridi: kipumulio kimeziba. "Fsss" isiyokoma hata rejeta ikiunguza yote, na wingu jeupe: kimekwama wazi. Hicho cha pili watu hukivumilia kwa sababu chumba kina joto, kumbe boila inapoteza maji na kuongezwa mapya kila siku. Maji mapya yana oksijeni, na oksijeni inakula chuma.

3. Ukitaka kukitoa, mtambo uzimwe na rejeta ipoe mpaka uweze kuikumbatia. Hili silirudii. Mvuke unaounguza hauonekani, lile wingu jeupe ni mvuke uliokwisha anza kupoa.

4. Kizungushe kinyume cha saa. Kwa mkono kwanza, kikikataa tumia spana ndogo ukiwa umeishika rejeta. Uzi wake kwa kawaida ni wa nusu ya robo inchi, ⅛. Mwembamba huo, unakatika.

5. Puliza kwa mdomo kikiwa wima. Pumzi ipite. Kigeuze kichwa chini, puliza tena. Vingi vinaziba. Kisipopitisha kabisa, kichemshe kwenye siki nyeupe kwa dakika ishirini, kikung'ute, ujaribu upya. Kutu na chokaa vikiondoka kinaweza kufufuka. Ila mimi nikiona kimekaa miaka mingi nasema nunua kipya, bei yake si ya kukutoa jasho.

6. Kipya kizungushie ile tepu nyeupe ya mafundi bomba mara mbili, usizibe tundu la chini, kifunge mpaka kikaze na kisimame wima. Kikiinama, kikopo cha ndani hakielei sawa. Na usikipake rangi. Nimeona picha ya rejeta imepakwa rangi nzuri ya maziwa na kipumulio kimo ndani ya rangi, kama mtu aliyezikwa hai.

7. Hapa ndipo wengi hawafiki. Chukua pima maji uiweke juu ya rejeta. Kile kiputo cha hewa ndani yake kiwe upande wa kipumulio, maana yake upande huo uko juu kidogo na maji yanateremka kuelekea bombani. Nyumba za zamani sakafu hulala, na rejeta inalala nayo, maji yanajikusanya mwisho, mvuke mpya unayakuta na kuyarusha. Dawa ni vipande viwili vya mbao ngumu vya unene wa sarafu mbili tatu chini ya miguu ya upande wa kipumulio. Usinyanyue sana, bomba likivutwa linavuja kwenye maungio.

Mpwa wangu alifanya nambari 1 na 2 siku ile ile. Ilikuwa kimya tangu mwanzo. Kesho yake mtu wa jengo akaleta kipumulio kipya, na dakika chache baada ya boila kuwaka akanirushia sauti ya "tak". Nimeihifadhi.

Maswali ya wanachama

*Abuu Nasri (Minneapolis):* Fundi, yangu saa tisa usiku inagonga kama kuna mtu anavunja ukuta. Kipumulio kipya, kinatoa hewa vizuri.

Hayo ni maji yaliyolala njiani, Abuu Nasri. Mvuke ukiyakuta unayabeba na kuyapigiza kwenye kona ya bomba. Valvu iko wazi yote? Pima maji inasemaje? Kama rejeta iko sawa na sauti inatokea ukutani au chini, basi bomba lenyewe limeinama. Hapo mwite mwenye mtambo.

*Mama Rukia:* Chumba chetu kina joto mpaka tunafungua dirisha na nje kuna theluji. Tukifunga valvu kidogo kidogo?

Hapana mama, rudi nambari 1. Joto la rejeta ya bomba moja linaongozwa kwa hewa, si kwa valvu. Weka kipumulio chenye tundu dogo, mvuke utaingia polepole. Vipo vinavyorekebishika, na ipo pia valvu ya themostati inayokaa kati ya rejeta na kipumulio: chumba kikifika joto ulilochagua, inazuia hewa kutoka, na mvuke haupati nafasi.

*Fundi Chande (Duga):* Kwa hiyo rejeta ya mbali na boila tuwekee tundu kubwa?

Ndiyo, lakini kabla ya hapo tafuta kipumulio kikubwa mwisho wa bomba kuu, kule chini. Hicho ndicho cha kutoa hewa ya bomba lote, ili mvuke ufike kwenye kila rejeta karibu wakati mmoja. Kikiwa kimekufa, hewa yote inajaribu kutokea kwenye vitundu vya vyumbani, utabadilisha vipumulio mpaka uchoke.

*Salma:* Mjomba, kama mwenye nyumba hataki kutengeneza?

Kwa New York kuna sheria ya jiji. Kuanzia Oktoba 1 hadi Mei 31, saa 12 asubuhi mpaka saa 4 usiku, nje kukiwa chini ya nyuzi 55 za Fahrenheit, ndani kuwe si chini ya 68, yaani 20 zetu. Usiku si chini ya 62, kama 17. Piga 311, namba ya huduma za jiji. Andika tarehe na joto la chumba kila siku, kipimajoto cha ukutani kinatosha. (Nyuzi 17! Huku kwetu Tanga hiyo hata kipupwe hakituletei, mpaka upande Lushoto.)

*Kombo (Bagamoyo):* Mimi sina rejeta. Nyumba ya wageni ninayoisimamia ina tangi juu na bafu la mwisho maji yanakohoa. Ni mambo haya haya?

Ndugu yake. Bomba lako linapanda mahali fulani kisha linashuka, hewa imekaa kwenye kile kilima, na tangi la juu halina nguvu ya kuisukuma. Kila mita moja ya kimo inakupa kama PSI 1.4 tu. Tafuta kile kilima, weka kipande cha bomba kilichosimama kupita kimo cha tangi, mdomo wazi na umeinamishwa wadudu wasiingie. Au lilaze bomba upya liwe na mteremko mmoja.

*Bi Mwanaisha:* Mwanangu ananiambia anaanika nguo juu ya hilo dude. Halitaungua?

Shikamoo shangazi. Chuma kinafika nyuzi mia, pamba haishiki moto kwa hiyo, ila nailoni na plastiki asiweke, na watoto wasiguse. Mwambie tu asikifunike kile kidude cha pembeni.