Maji yakituama chini ya droo za mboga kwenye friji

Wiki hii nimezibua friji ya nyumbani kwa bomba la sindano tu. Ukikuta maji yametuama chini ya droo za mboga, usikubali haraka kuambiwa gesi imeisha. Gesi ikiisha friji haipozi, haijazi maji. Angalia ukuta wa nyuma kwa ndani, chini kabisa: kuna kamfereji kenye tundu dogo. Chomoa waya ukutani, vuta maji ya vuguvugu kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, yasukume humo tunduni taratibu, rudia mpaka usikie yakidondoka kwenye trei iliyo juu ya kompresa, ile mashine inayonguruma nyuma ya friji. Kwangu lilitoka jani la mchicha lililooza na utelezi mweusi.

Siri yake ni hii: kompresa ikipumzika, ukungu wa barafu ulioganda ukutani huyeyuka na maji hupitia hapo hadi kwenye trei, ambako joto la kompresa huyakausha. Tundu likiziba, yanarudi ndani.

Tafadhali usichokoe kwa kisu wala bisibisi. Mabomba ya gesi yamefichwa nyuma ya plastiki hiyo nyembamba, na ukiyatoboa hasara yake ni kubwa.

Kwa friji zisizogandisha barafu ukutani (no-frost), tundu huwa nyuma ya kava la friza. Ukizibua, barafu ikajaa tena baada ya siku chache, huenda hita ya kuyeyushia barafu hiyo imekufa. Hapo mwite fundi.