Kabla Hujamwaga Makabati ya Jikoni

Sinia lile niliuza kwa kilo. Ukingo ulikuwa umepinda, mgongo mweusi kwa masizi, limeegemezwa nyuma ya debe la unga tangu sijui lini, na mnunuzi wa vyuma vikuukuu akipita uchochoroni na mkokoteni wake. Nikapata pesa ya mikate miwili. Jioni mamangu akarudi kutoka sokoni Marikiti, akalitazama kabati linavyong'aa, akauliza, "Sinia la harusi ya nyanyako umeliweka wapi?" Herufi za jina la nyanya zilikuwa zimegongwa kwa msumari upande wa chini. Sikuwa nimeligeuza.

Tangu siku hiyo, nikitaka kugusa kabati lolote la nyumba yetu hapa Kibokoni, Mombasa, huanza kwa kutafuta siku ambayo mama hana harusi, hana matanga wala kikao cha chama. Namwekea kiti mlangoni pa jikoni. Hainui kitu, hafuti kitu. Kazi yake ni kutazama kinachotoka na kusema ni cha nani. Kama mwenye kujua vyombo vyenu ni shangazi aliye Kisauni, mngojee aje, au ahirisha.

Wengi wetu hufanya kazi hii siku za mwisho za Shaabani, mfungo ukibisha hodi. Mimi naona ni kujitesa. Wakati huo nyumba imeshajaa unga, tende na sukari, na watu wamechoka kabla ya kufunga. Isitoshe, Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hivyo kuna miaka Shaabani huangukia katikati ya masika. Mbao za kabati zikioshwa wakati mvua haikatiki, hazikauki. Zinafura, milango inagoma kufunga, na wiki mbili baadaye pana ukungu. Siku nzuri ni za kaskazi, jua likiwa kali na rafu zinaweza kuegemezwa uani mpaka adhuhuri.

Maji yajazwe jana yake. Mfereji wa mji huu unaujua mwenyewe. Kukaukiwa sahani zikiwa zimetapakaa sakafuni ni kuwapa wenye mikokoteni ya maji nafasi ya kukupangia bei, basi jaza mitungi ya lita 20 yote uliyo nayo. Tandika mkeka barazani au uani, na umwage kabati moja tu kwa wakati. Vyombo vya kabati moja hujaza mkeka mzima, utashangaa.

Mende hukaa kwenye bawaba na nyuma ya ubao wa mgongo, mahali kitambaa hakifiki, kwa hivyo tafuta brashi ndogo na bisibisi mapema. Dawa ya kupuliza isikaribie vyombo. Na ukitumia maji ya klorini kuua ukungu, usiyachanganye na siki wala ndimu: hutoa hewa ya sumu, na jiko dogo lisilo na dirisha ndipo mahali pabaya zaidi pa kuivuta.

Chakula hakina maneno mengi. Unga wenye fukusi utoke. Bizari isiyonukia haina kazi, hata kama kopo lake ni zuri. Ukikuta lile fungu la mifuko ya plastiki iliyokunjwa kwa adabu, ujue liko hapo tangu kabla ya Agosti 2017 ilipopigwa marufuku. Kila nyumba inalo.

Sasa vyombo. Watu hutenga mafungu matatu: cha kubaki, cha kutoa, cha kutupa. Ongeza la nne, cha kuuliza, na uliandalie katoni kubwa kuliko mengine. Kitu chochote usichokijua jina kiingie humo. Na kila chombo kigeuzwe chini kabla ya kuamuliwa. Utakuta muhuri wa nchi kilikotengenezwa, tarehe, au herufi za rangi nyekundu, maana sufuria za huku huzunguka harusi hadi harusi na kila mtu hutia alama yake. Sisi tulikuta mbili za majirani, mmoja wao ameshahamia Likoni. Tulimpelekea kwa feri, kwa aibu.

Sahani za kauri zilizokuwa zikipangwa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za nyumba za kale ndizo hutupwa upesi, kwa sababu zina ufa. Pitia kwanza makumbusho ya Fort Jesus utazame vyombo vya kauri walivyoviweka. Ukirudi hutaishika ya kwenu vile vile. Iliyogundishwa kwa gundi usiiloweke.

Shaba, ukwaju ulioloweshwa unatosha, maana uchachu wake huyeyusha weusi. Waya wa kusugulia hula nakshi, na nakshi ikishalika hairudi. Kinu na mbuzi ya nazi visiloweke wala visianikwe juani, vitapasuka. Kifumbu kikaushwe kivulini.

Karatasi nazo. Ndani ya bakuli la chini kabisa tulikuta orodha ya vitu vya pilau kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, mwandiko wa nyanya, imeanza kukatika kwenye mikunjo. Ipigwe picha kabla ya kufunguliwa mara ya pili.

Na mikebe itikiswe. Mkebe wetu wa mafuta ya kupikia ya Kimbo uliojaa matambara ulilia. Ndani mlikuwa na kijaluba cha tambuu, chokaa imeganda pembeni, pamoja na mkasi wa kukatia popoo. Mama alikifungua, akakinusa, akakifunga, akaomba chai.

Kwa hivyo kabla ya kurudisha chochote, amua rafu itakayobaki kwa vitu kama hivyo: usawa wa macho, mbali na moshi wa jiko na mbali na sakafu ambapo panya hupita. Kijaluba chetu kiko kando ya vikombe vya kahawa.

Mnunuzi wa vyuma bado hupita. Akipaza sauti uchochoroni, mama hunitazama mimi kwanza, halafu mlango.