Kununua dabo besi ukiwa Dar: hela iende kwenye briji kabla ya jina

Wakuu, mtu akianza kutafuta dabo besi, ile besi kubwa ya mbao inayopigwa umesimama, swali lake la kwanza huwa brandi gani, Shen au Eastman au ile ya Thomann, mimi nasema hilo liwe swali la tatu. La kwanza ni mbao gani, la pili ni nani atakukatia briji, kile kibao kinachosimama kifuani kubeba nyuzi, maana besi ya bei ya kati yenye briji iliyokatwa vizuri inaimba kuliko besi ya bei mbaya iliyotolewa kwenye boksi ikafungwa nyuzi hivyo hivyo.

Tuanze na mbao. Kuna plaiwudi tupu, kuna haibridi ambayo uso wa mbele ni mbao nzima ya sprusi ila mgongo na mbavu ni plaiwudi, na kuna ya kuchongwa yote. Sasa ukipiga besi Dar unayajua maisha yenyewe, jioni uko ukumbini AC inapuliza mpaka vidole vinakakamaa, saa saba usiku mnapakia vyombo nje kwenye joto na unyevu, Jumapili uko kanisani chini ya feni, halafu masika inaingia nyumba nzima inanuka ukungu. Sprusi nzima ikivimba na kusinyaa namna hiyo kila wiki itaachia gundi au itapasuka, wakati plaiwudi tabaka zake zimepishana kwa hiyo haichezi sana, na faida nyingine ukiichomeka kwenye spika kubwa haianzi kuvuma haraka. Kwa besi ya kwanza mjini hapa nunua plaiwudi, na usione aibu. Ya kuchongwa ni ya mtu wa orkesta anayepiga kwa boo (upinde wa kusugua nyuzi) na ana chumba cha kuitunza. Na kama tayari unayo ya kuchongwa ikaachia pembeni kwenye maungio usipanik, gundi yake ya asili inawekwa makusudi iachie kabla ubao haujapasuka, ila tafadhali usikubali mtu akupakie supa gluu au gundi nyeupe ya makabati, hapo fundi anayefuata hataweza kuifungua bila kuumiza mbao.

Kwenye watengenezaji, kwa thamani ya hela naipa Shen kura yangu. SB80 yao ni plaiwudi, inatengenezwa China, na sifa yake ni kwamba vitu vya msingi vimekaa sawa, shingo iko kwenye pembe inayotakiwa na ubao wa vidole, ule wa shingoni unaobonyezea nyuzi, ni ebony kweli, mbao nyeusi ngumu. Eastman na Christopher nao wa China, nao wazuri, ukipata moja imetumika na shingo haijapinda chukua. Stentor ya Uingereza na zile za jina la duka la Thomann la Ujerumani bei yake inavutia, sizidharau hata kidogo, ila hesabu kwamba umenunua mbao zilizounganishwa na kazi ya kuifanya iwe chombo bado, kwa hiyo tenga hela ya briji na nyuzi toka mwanzo. Za Marekani kama Kay wa zamani wa Chicago, na Engelhardt waliokuja kuuendeleza muundo ule ule wa Kay, ni plaiwudi zenye heshima kabisa, Upton kule Connecticut nao wanafanya kazi safi sana, tatizo ni usafiri unameza tofauti yote.

Kitu kimoja muombe muuzaji bila kuona haya: picha ya ubao wa vidole kwa chini, pale mwisho unapoelea juu ya kifua cha besi. Ebony ni nyeusi mpaka ndani, mbao iliyopakwa rangi utaona kingo zina ukahawia au rangi imeingia nusu nusu. Sio urembo huo, nyuzi za chuma zinachimba mifereji kwenye mbao laini, besi inaanza kukoroma, na ubao ukiwa mwembamba hakuna cha kupiga randa, unabadilishwa mzima na hiyo kazi inaweza kukaribia bei ya besi yenyewe ya bei rahisi.

Usafiri sasa. Dabo besi ina kama kilo 10 tu lakini ndege hawaangalii kilo wanaangalia nafasi. Boksi la sentimita 200 kwa 75 kwa 65 ukizizidisha ukagawa kwa 6000, hesabu ya kawaida ya mzigo wa ndege, unapata kilo 162 na ushee, ndio utakazolipia. Kwa meli boksi hilo hilo halifiki CBM moja, yaani mita moja ya ujazo, na mawakala wa Kariakoo wanaounganisha mizigo toka Guangzhou wanaielewa hiyo lugha vizuri, ndio sababu nyingine besi ya China inatulipa sisi kuliko ya Ulaya. Usisahau VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya bei, usafiri na ushuru kwa pamoja, watu wengi wanapiga hesabu kwenye bei ya kwenye tovuti peke yake halafu wanakwama bandarini. Mwambie anayefunga mzigo alegeze nyuzi kidogo, atoe briji, aweke karatasi "saundiposti inaweza kuwa imeanguka" (ni kijiti cha ndani, nakieleza hapo chini), na boksi lisimame au lilale kwa ubavu, kamwe lisilalie uso.

Imefika, sasa ndio kazi. Kabla hujakaza chochote washa tochi ya simu uchungulie kwenye tundu la f, lile lenye umbo la herufi hiyo, upande wa uzi wa G ambao ndio mwembamba kuliko wote, unatafuta kijiti kilichosimama ndani nyuma kidogo ya mguu wa briji, hiyo ndio saundiposti. Kama imelala usikaze nyuzi, uso wa besi utabonyea. Kama imesimama, weka briji katikati ya vile vikato vidogo vya ndani vya matundu mawili ya f, huo ndio mstari wake.

Briji ya kiwandani karibu zote zinakuja nene na ndefu makusudi, wanakuachia ukate mwenyewe, na watu hawajui wanapiga nayo hivyo hivyo miezi wanalalamika vidole vinatoka malengelenge. Angalia miguu kwanza. Chukua karatasi ya kawaida ya daftari ujaribu kuisukuma chini ya mguu kila upande, ikiingia popote basi mguu haujakaa na sauti inapotea hapo hapo, hakuna nyuzi wala pikapu (kile kinasa sauti cha kwenye chombo) itakayoirudisha. Kukalisha mguu unabandika msasa juu ya kifua cha besi, upande wa kukwaruza ukiangalia juu, unasugua briji taratibu mbele na nyuma mpaka mguu unachukua umbo la kifua, unamalizia kwa kisu kikali. Mafundi samani wa Keko mikono wanayo tena ya hali ya juu, shida ni vipimo, kwa hiyo usimwachie briji ukaondoka, kaa naye, mpe rula, mwambie anakata nini na kwa nini.

Vipimo vyenyewe kwa mtu anayepiga kwa vidole: pale ubao wa vidole unapoishia, kutoka mbao mpaka chini ya uzi, G iwe milimita 5 mpaka 6 na E iwe 8 mpaka 9, A na D zikae katikati zikifuata mpindo. Wa boo aongeze kidogo. Ukikuta G iko 10 ujue haijakatwa kabisa. Mfereji wa uzi kwenye briji uwe wa kina cha nusu ya unene wa uzi tu, usiuzamishe wote, na uupake risasi ya penseli ili uzi uteleze unapotyuni.

Hiyo ya kuteleza ni muhimu kuliko inavyosikika, kwa sababu kila ukikaza nyuzi zinavuta kichwa cha briji kuelekea shingoni, kidogo kidogo huoni, mpaka siku imepinda au imeanguka katikati ya nyimbo. Kwa joto letu inapinda haraka. Simama pembeni ya besi uangalie upande wa briji unaotazama teilpisi, kipande cha chini kinachoshika nyuzi, ule ndio unatakiwa usimame wima juu ya kifua, weka kadi ya benki pale upime. Ikiwa imelala legeza nyuzi kidogo, shika kwa mikono miwili, vuta kichwa taratibu mpaka kikae. Iwe tabia kila ukibadilisha nyuzi, na nyuzi badilisha mmoja mmoja, ukitoa zote kwa pamoja saundiposti inaweza kuanguka.

Kama ya kiwandani ni laini sana kiasi kwamba kucha inaingia, nunua mbao ghafi ya Despiau au Aubert, wote Wafaransa, wametengeneza briji miaka mingi. Na kwa Dar naomba uweke ajasta za aluminiamu, zile gurudumu mbili miguuni, maana masika kifua kinavimba nyuzi zinapanda juu, ukiingia msimu mkavu au ukihamia ukumbi wa AC zinashuka zinaanza kukoroma, na ajasta unalegeza nyuzi kidogo unazungusha pande zote sawa unaendelea na shoo. Nati, kile kipande cha juu shingoni nyuzi zinapopita, na vipande vingine vidogo vya ebony hata usiagize, mpingo wetu unafanya kazi hiyo, ni mbao ile ile inayotengenezea klarineti duniani.

Nyuzi, Spirocore za Thomastik za Austria zinadumu miaka na mlio wake mrefu unafaa jazz na dansi, ila seti nzuri ni ghali kwa hiyo usizifunge mpaka briji imalizike. Kama unataka kusikia mlio mfupi mnene wa besi kabla hujaamua, panda boti ukasikilize taarabu Zanzibar, vikundi kama Ikhwani Safaa kilichoanza 1905 na Culture Musical Club cha 1958 wameishika dabo besi miaka mingi.

Pikapu usikimbilie. Realist inakaa chini ya mguu wa briji, Fishman Full Circle inachukua nafasi ya ajasta moja, zote mbili nzuri, ila zote zinasikia kile ambacho briji inazipa. Na usichomeke moja kwa moja kwenye mixa ya kanisani, pikapu za namna hii zinataka ingizo lenye ukinzani wa kama megaohm 1 la sivyo sauti inatoka nyembamba ya bati, weka priampu, kikuza sauti kidogo cha awali, katikati kwanza ndio umpe saundi injinia waya.