Kutumia Lenzi ya Kihisi Kidogo kwenye Kamera ya Fremu Kamili

Kabla hujafunga lenzi yoyote, soma herufi zilizoandikwa ubavuni mwake. Ukikuta DX kwa Nikon, EF-S kwa Canon, DC kwa Sigma au Di II kwa Tamron, fahamu kwamba lenzi hiyo imetengenezwa kumulika kihisi (sehemu ya kamera inayopokea mwanga na kuunda picha) cha takriban milimita 24 kwa 16, ilhali kihisi cha fremu kamili ni milimita 36 kwa 24.

Canon ndiyo inayotaka uangalifu zaidi. Sehemu ya nyuma ya lenzi ya EF-S huingia ndani sana, kiasi kwamba kioo cha kamera, ambacho hunyanyuka kila unapopiga picha, kinaweza kuigonga. Kwa sababu hiyo lenzi hiyo ina alama ya mraba mweupe, na kamera ya fremu kamili kama 5D au 6D ina nukta nyekundu peke yake. Mraba ukikosa mwenzake, usilazimishe, na tafadhali usimsikilize anayekushauri ukate mpira wa nyuma ili lenzi iingie. Kamera za EOS R hazina kioo, hivyo huipokea kwa adapta na kupunguza eneo la picha kiotomatiki.

Kwa Nikon lenzi hufunga bila shida. Kamera ya fremu kamili ya D750 ikiitambua lenzi ya DX, hutumia sehemu ya katikati tu ya kihisi, na megapikseli 24 hubaki 10, yaani nukta 3936 kwa 2624. Ukichapisha kwa nukta 300 kwa inchi, utapata picha ya inchi 13 hivi kwa karibu 9, ambayo kwa maoni yangu inatosha kabisa albamu ya harusi, ingawa haitakuachia nafasi kubwa ya kukata pembeni baadaye.

Unaweza pia kuzima upunguzaji huo kwenye menyu, sehemu ya eneo la picha, kisha uijaribu lenzi yenyewe. Elekeza kamera kwenye ukuta mweupe, upige kwa kila hatua ya zumu, ukianzia upana wa mwisho, na uangalie pembe nne. Lenzi ya Tokina ya milimita 11 hadi 16, kwa mfano, huanza na duara jeusi linalozunguka picha nzima, lakini ikifika karibu na milimita 16 weusi huo huondoka. Rudia jaribio ukiwa umebana tundu la lenzi, kwa kuwa mara nyingi ukingo wa giza hapo huwa mkali zaidi, kisha andika namba ya zumu iliyokupa pembe safi na uibandike kwenye kifuniko cha lenzi.