Tenda za AGPO: kutoka cheti hadi malipo

Kifungu cha 227 cha Katiba ya Kenya kinaitaka serikali inunue kwa haki, uwazi na ushindani, lakini papo hapo kinaruhusu upendeleo kwa waliosukumwa pembeni. Huko ndiko ilikotoka AGPO (Access to Government Procurement Opportunities), mpango wa kuwapa makundi hayo nafasi ya kuiuzia serikali. Tangu 2013, asilimia 30 ya ununuzi wa wizara, kaunti na mashirika ya umma hutengewa biashara za vijana, wanawake na watu wanaoishi na ulemavu, na sheria ya ununuzi ya 2015 ikautia nguvu mpango huo. Wengi hudhani wakishapata cheti wamepata tenda. Cheti hukupunguzia washindani tu. Wengi huangushwa na makaratasi na hesabu.

Usajili ni bure, kwenye tovuti ya agpo.go.ke. Anayekudai pesa za kuharakisha anakuibia. Andaa kitambulisho, cheti cha usajili wa biashara, PIN ya KRA (mamlaka ya mapato), cheti cha ushuru ambacho muda wake haujaisha, na CR12, yaani hati inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa, kama ni kampuni. Mwenye ulemavu huongeza usajili wake katika baraza la kitaifa linalowahudumia. Kwa ubia na kampuni, walengwa wawe na angalau asilimia 70 ya umiliki, na uongozi wote uwe mikononi mwao. Kijana ni wa miaka 18 hadi 35. Cheti hudumu miaka 2, kwa hiyo kama mkurugenzi wenu ana miaka 34, fikirieni mapema nani atashika usukani.

Na habari ya kuazimana vyeti, mume akifanya biashara kwa jina la mke: malipo yanatakiwa kuingia kwenye akaunti ambayo mlengwa ndiye mtia sahihi wa lazima. Aliyeazima jina akigombana na mwenye jina, pesa hazitoki.

Tenda hutangazwa kwenye tenders.go.ke na tovuti za taasisi zenyewe. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na taasisi nyingi hutangaza usajili wa wauzaji kabla ya hapo. Chagua aina ya bidhaa unazozijua. Kwa ujenzi, cheti cha AGPO hakichukui nafasi ya usajili wa NCA, mamlaka ya kitaifa ya ujenzi.

Sasa kiini chenyewe: tathmini ya awali. Hapa hakuna alama, ni ndiyo au la. Kimoja kikikosekana katika mahitaji ya lazima, bei yako haisomwi hata kama ndiyo nafuu kuliko zote. Sheria inataka kurasa zote ziwe na namba mfululizo, na hili peke yake huangusha watu wengi. Panga hati kwa utaratibu ule ule wa orodha iliyo kwenye kabrasha la tenda, kisha piga namba mwisho kabisa, kuanzia 1, pamoja na nakala za vyeti na katalogi. Ukipiga mapema, utakumbuka karatasi moja baadaye na kuibandika katikati kama 17a, na hiyo 17a itaipa kamati sababu ya kukutoa. Jaza fomu zote, hata zile zinazorudia jambo moja, na utie sahihi kila palipoachwa mstari. Dhamana ya benki ya tenda hutakiwi kuleta: makundi haya ya AGPO hujaza fomu ya tamko badala yake. Lakini lazima ijazwe. Kuiacha tupu ni sawa na kutoleta dhamana.

Bei haina nafasi ya pili. Jumla iliyosomwa siku ya kufungua tenda ndiyo ya mwisho, na kosa la hesabu halirekebishwi. Tuseme ni rimu 500 za karatasi, VAT tukiiacha kando. Unanunua kwa shilingi 620 kila moja: 310,000. Usafiri 12,000. Mkopo wa 300,000 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, ukingoja malipo miezi 4: 24,000. Gharama ni 346,000, yaani 692 kwa rimu. Aliyeuza kwa 680 aliona faida ya 60 kila rimu, kumbe amepoteza 6,000. Hesabu miezi ya kungoja kama gharama, maana kungoja kupo. Ukiweka asilimia 10 juu ya 692, unafika kama 761.

Ukishindwa, barua lazima itaje sababu. Una siku 14 tangu kupewa taarifa kupeleka malalamiko kwenye bodi ya rufaa za ununuzi, na mkataba hautiwi sahihi kabla siku hizo hazijaisha. Rufaa ina ada, kwa hiyo pima ukubwa wa tenda kwanza.

Ukishinda, usinunue chochote kwa neno la simu. Subiri LPO (hati ya agizo la ununuzi) iliyotiwa sahihi, linganisha idadi, bei na jina la kampuni. LPO hiyo inaweza kukupatia mkopo kwenye Hazina ya Wanawake au ya Vijana, mradi taasisi ithibitishe kwamba ni yake.

Peleka mzigo pamoja na hati ya kupokelea, na usiondoke bila sahihi, tarehe na muhuri. Kamati ya ukaguzi ikikataa aina ya karatasi, gharama ya kurudisha ni yako, kwa hiyo peleka sampuli mapema. Toa ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, siku hiyo hiyo. Epuka kukabidhi mzigo wiki za mwisho za Juni: mwaka wa fedha ukifungwa kabla hujalipwa, deni lako huhamia kwenye orodha ya madeni ya mwaka mpya. Ikipita tarehe iliyo kwenye mkataba, dai kwa barua, utaje riba ya ucheleweshaji ambayo sheria inaitambua, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.