Mtoto azike kifuniko cha chupa, kisha akifukue mwenyewe

Nimelifanya hili na watoto wa miaka 5 hadi 7, likawaingia kuliko maelezo yote niliyowahi kuwapa kuhusu taka za plastiki. Jaza kopo udongo wa bustani, mtoto azike vitu vitatu: jani bichi, kipande cha karatasi ya daftari na kifuniko cha chupa ya plastiki. Achomeke kijiti juu ya kila kimoja asije akasahau mahali. Amwagilie kidogo kila baada ya siku mbili, na baada ya wiki 4 hadi 6 afukue kwa mikono yake. Jani litakuwa limeoza na kutoboka, karatasi inameguka, lakini kifuniko kitatoka vilevile, ukikisuuza kinang'aa. Hapo muulize, "Sasa hiki tukipeleke wapi?" Usimjibie. Nyamaza umsikilize, maana jibu lake ndilo somo lenyewe. "Haiozi" ni neno tu kwa mtoto mdogo mpaka aishike hiyo isiyooza: bakteria na kuvu wa udongoni wamekula jani na karatasi, plastiki imewashinda.

Zoezi hili hukwama udongo ukikauka, au ukitumia mchanga mtupu: hata jani huchelewa sana kuoza. Epuka karatasi inayong'aa, mara nyingi ina utando wa plastiki. Walio chini ya miaka 4 hawawezi kusubiri wiki zote hizo. Hao waanze na kutenganisha chupa na karatasi. Wakimaliza kufukua, wanawe kwa sabuni.