Kupiga Wimbo wa James Bond kwa Mtindo wa Surf: Mwongozo kwa Bendi ya Watu Wanne

Mwongozo huu umeandikwa kwa bendi yenye gitaa la solo, gitaa la rithimu, besi na dramu, ambayo wapigaji wake wanazijua kordi na wanaweza kushika mwendo, lakini hawajawahi kuugeuza wimbo wa filamu ya kijasusi kuwa kipande cha surf, yaani muziki wa gitaa wenye mwangwi mwingi ulioshamiri California mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nimechagua wimbo mkuu wa James Bond kwa sababu takriban kila mpiga gitaa anadhani anaujua, na kwa sababu hiyohiyo ni rahisi kuuharibu.

Wimbo huu na mtindo wa surf ni wa rika moja. Ulirekodiwa London mwezi Juni 1962 kwa ajili ya filamu ya Dr. No, mtunzi anayetambuliwa ni Monty Norman, aliyeupangia vyombo ni John Barry, na aliyepiga gitaa ni Vic Flick. Miaka hiyohiyo, kusini mwa California, mpiga gitaa Dick Dale alikuwa akiujaza ukumbi wa Rendezvous huko Balboa vijana waliotoka kuteleza juu ya mawimbi. Haikuchukua muda bendi za Marekani zinazopiga ala bila mwimbaji zikaanza kujitwalia nyimbo za kijasusi, na mwaka 1966 The Ventures walitoa toleo lao la Secret Agent Man. Hata hivyo, sauti ya Flick si ya surf. Gitaa lake lilitoka kavu, lenye makali, ilhali surf hutaka sauti safi, nene, iliyolowa mwangwi.

Hatua ya kwanza: tafuteni mstari wa ndani

Wengi hukimbilia ile midundo maarufu ya gitaa na kuiacha rithimu igonge kordi ya E maina tangu mwanzo hadi mwisho. Matokeo yake ni kipande cha kuchezea twisti tu. Kwa maoni yangu, ujasusi wa wimbo huu haumo katika solo. Umo katika mstari wa ndani, yaani noti nne zinazopanda na kushuka kwa nusu toni chini yake: B, C, C shapu, kisha C tena, huku E ikibaki palepale.

Mpiga rithimu apewe kazi hiyo na asipewe nyingine. Atumie nyuzi tatu nyembamba tu: uzi wa tatu na wa kwanza viachwe wazi, na kwenye uzi wa pili aanze wazi, aende freti ya kwanza, freti ya pili, kisha arudi ya kwanza. Kidole kinachosogea ni kimoja, lakini msikilizaji anapata kordi tatu tofauti. Kupiga juu namna hii kuna faida nyingine, kwamba nyuzi nene zinabaki huru kwa ajili ya solo. Mzunguko huu ufanyieni mazoezi bila solo kabisa. Ukipigwa peke yake na bado unatisha kidogo, msingi umekaa.

Hatua ya pili: andaeni sauti

Mpiga solo afunge nyuzi nene kuliko alizozoea; seti ambayo uzi wake mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.012 inatosha, maana nyuzi nyembamba zikipigwa kwa nguvu ya surf huyumba na kupoteza toni. Achague kinasa sauti (pickup) kilicho karibu na daraja la gitaa. Amplifaya isikwaruze hata kidogo.

Moyo wa sauti ni mwangwi wa springi (spring reverb). Fender walitoa kifaa chao cha pekee cha mwangwi mwaka 1961, na kazi yake ni rahisi kuieleza: mawimbi ya umeme kutoka kwenye gitaa yanatikisa ncha moja ya springi, mtikisiko unasafiri hadi ncha ya pili, unanaswa huko na kuchanganywa na sauti ya awali. Kifaa kina vitufe vitatu. Dwell huamua springi itikiswe kwa nguvu kiasi gani, Mixer huamua ni kiasi gani cha mwangwi kisikike, na Tone hurekebisha ung'avu wake. Jambo la kuzingatia ni kwamba kifaa hiki hukaa kabla ya amplifaya. Kwa hiyo anayetumia programu ya kompyuta aweke mwangwi wake mbele ya amplifaya ya kuigiza, wala si mwisho wa mnyororo.

Kwa majaribio, laza ubavu wa kiganja juu ya daraja, kisha piga uzi wa sita mara moja, kwa ukali. Unapaswa kusikia kishindo kifupi, na nyuma yake mlio kama tone linaloanguka ndani ya pipa. Mlio huo ukirefuka hadi kuufunika mpigo unaofuata, punguza Mixer kwanza, kwa kuwa ukipunguza Dwell unaliua tone lenyewe.

Hatua ya tatu: solo

Solo ipigwe kwenye uzi wa sita: wazi kwa E, freti ya pili kwa F shapu, freti ya tatu kwa G. Mipigo yote iende chini, kiganja kikiwa kimelala nusu. Mpigaji ajizuie asianze kudonoa kwa kasi (kupiga uzi chini na juu mfululizo) hapa, kwa sababu silaha hiyo inahitajika baadaye.

Besi ibaki kwenye E wala isiufuate mstari wa ndani. Dramu kubwa ipige pigo la kwanza na la tatu. Snea ipige la pili mara mbili za haraka, kisha la nne mara moja.

Hatua ya nne: mahali pa tarumbeta

Sehemu ya kati ya toleo la 1962 ni jazz: tarumbeta zinaunguruma na mwendo unabembea. Dramu za surf hazibembei, na bendi inayojaribu kufanya yote mawili hujikwaa. Nyoosheni mwendo, kisha solo ibebe melodia ya tarumbeta kwa kudonoa chini na juu mfululizo, mipigo minne ndani ya kila pigo la dramu. Kwa mwendo wa mapigo 160 kwa dakika, hiyo ni mipigo 640, na haiwezekani kwa mkono uliokakamaa. Nguvu itoke kwenye kifundo cha mkono, na ncha tu ya kipigio iguse uzi. Mkono ukichoka kabla ya sehemu kwisha, shusheni bendi nzima hadi 144. Kasi ndogo iliyo sawasawa inasikika kali kuliko kasi kubwa inayoyumba. Mkitoka hapo kurudi kwenye solo, telezesha kidole kutoka freti ya 12 ya uzi wa sita hadi chini huku ukiendelea kudonoa.

Hatua ya tano: kordi ya mwisho

Kordi ya kufungia ina E, G, B, D shapu na F shapu. Kidole cha kati kiwe uzi wa tano freti ya pili, cha shahada uzi wa nne freti ya kwanza, cha pete uzi wa kwanza freti ya pili. Nyuzi nyingine zote ziwe wazi. Ipigwe polepole, uzi baada ya uzi, kuanzia ule mnene. Dramu zinyamaze kabisa, na mkono wa mtetemo (ile fimbo iliyo kwenye daraja la gitaa) ushushwe kidogo tu.

Hatua ya sita: kurekodi

Rekodini wote kwa pamoja, kwa maana mtindo huu hupoa ukirekodiwa vipande vipande. Rithimu ipewe mwangwi mdogo sana, la sivyo noti zake nne zitazama.

Kabla ya kuuza au kupandisha kazi yenu mtandaoni, tafuteni leseni, na ofisi ya hakimiliki ya nchi yenu ndiyo pa kuanzia. Norman alifariki mwaka 2022, hivyo utunzi wake bado unalindwa hata kama kila noti mmeipiga wenyewe. Na mkiuweka chini ya video, mtahitaji ruhusa nyingine tofauti na ile ya kurekodi sauti.